Kinanda cha Meza Kuu

Shuleni kwetu muziki unafundishwa vizuri sana kwenye ratiba. Upo pale ukutani, Alhamisi, kipindi cha mwisho, umeandikwa kwa kalamu ya kijani, na mkaguzi yeyote akiingia ofisini anauona kabla hajapewa kiti. Tatizo dogo ni kwamba Alhamisi kipindi cha mwisho darasa la saba wanarudia hisabati, darasa la nne nao wanarudia hisabati, na waliobaki wanamwagilia miti. Kwa hiyo niliporithi somo la muziki, nilirithi kitu ambacho hakijawahi kumsumbua mtu.

Nilirithi hivi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Kondoa, na siku moja mwalimu mkuu alinisikia naimba kaswida chini kwa chini huku nikisahihisha madaftari. Hakuniuliza lolote. Asubuhi yake, mstarini, watoto wakiwa wamesimama kwenye jua la Dodoma ambalo halina utani na mtu, alitangaza kwamba shule imepata mwalimu wa muziki. "Huyu ni wa Kondoa," akawaambia wenzangu, "dufu wamezaliwa nalo." Dufu la nyumbani kwetu walikuwa wakipiga kaka zangu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupitisha sharubati. Lakini ukishatangazwa mstarini umetangazwa, na wenzangu walinipa pole kwa makofi.

Baadaye ikaja fursa. Siku hizi kila kitu ni fursa. Walimu wa muziki wa shule zetu tuliitwa mjini kwenye semina, ukumbi wenye viyoyozi na mapazia mazito, chai na sambusa saa nne, wali na kuku saa saba. Mwezeshaji alikuwa kijana mpole mwenye suti iliyombana, na mbele yake kulikuwa na kinanda kimoja cha umeme. Walimu tulijaa ukumbi mzima, kinanda kimoja. Yeye hakuona shida. Alitugawia karatasi zilizochapwa picha ya kinanda, vibonye vyeupe na vyeusi, akatuambia tuziweke mezani tufuate vidole vyake. Tukafuata. Ukumbi mzima wa watu wazima, wengine wana wajukuu, tunabonyeza karatasi kimya huku kiyoyozi kinavuma. Kwa kuwa karatasi haisemi, akatufundisha kila mmoja aimbe mwenyewe sauti ya kibonye alichobonyeza. Do ukiigusa, itoe mdomoni. Wakati wa chai nilijipenyeza mpaka mbele nikagusa kile cha kweli kwa kidole kimoja, na yule kijana akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, samahani, hicho ni cha maonesho."

Nikarudi na cheti. Kinasema nimehitimu misingi ya upigaji kinanda. Sikubishana nacho.

Usije ukadhani shule yetu haina kinanda. Tunacho! Wafadhili walituletea, kipya, ndani ya boksi lenye picha ya mtoto anayecheka meno yote nje. Mwalimu mkuu alikipokea kwa mikono miwili, akapiga nacho picha, akakiingiza ofisini kwake, akakilaza juu ya kabati na kukifunika kitambaa cha kufuma, kazi ya mkewe. Kila nilipokiomba nilijibiwa kwa upole wa mtu anayekataa kukopesha gari. Vumbi, mwalimu. Watoto wana mikono ya makande. Na kikiharibika, akija mgeni tutamwonesha nini? Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo vikombe vizuri vinatolewa kabatini siku za wageni tu hawezi kumlaumu sana, na mimi nimekulia kwenye nyumba hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shuleni kwetu mwenyeji anasubiri kupona tangu boksi lifunguliwe.

Basi nikafanya nililofundishwa. Alhamisi moja nililitoa darasa langu la sita kwenye kumwagilia miti, nikachukua chaki, nikachora kinanda juu ya madawati yaliyounganishwa, kirefu kutoka ukutani hadi mlangoni. Vibonye vyeusi tulipaka mkaa. Sheria ikawa ile ile ya ukumbini, kidole kikigusa mdomo uitike, na atakayegusa fa akatoa so atachekwa na darasa zima, na kweli alichekwa. Niliwatungia wimbo wa mbuzi aliyekula karatasi za mtihani, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo wote walikuwa wakiliombea. Wakimaliza, tunafuta kwa kitambaa chenye maji, na watoto wanarudi nyumbani wakiwa weupe mikono kama wamesaga unga.

Palikuwa na msichana mmoja. Kabla ya hapo alikuwa akija shule kwa kuiba siku, leo yupo, kesho hayupo, na akiwepo anasinzia. Huyu nilipompa kinanda cha chaki aliamka. Alikuwa hagusi kibonye, alikuwa anakiuliza jambo, na sauti ikitoka mdomoni mwake ilitoka pale pale ilipotakiwa. Hata kwenye ngoma za muheme tulizopiga hapo shuleni, zile za Kigogo wasichana wanazozibana katikati ya magoti, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza. Alianza kuja kila siku. Mwalimu wa hisabati mwenyewe alilikiri hilo, kwa uchungu.

Halafu mama yake akaja. Nilimwona anavuka reli inayopita mbele ya shule yetu hapa Zuzu, na mtoto mchanga mgongoni, hatua za mtu aliyekwisha kuamua. Nilimsalimu kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi," akanijibu vizuri, akakaa kwenye kizingiti cha darasa, akakataa kiti.

"Mwalimu, msimu wa zabibu umefika," alisema. "Nakwenda Makutupora kuchuma. Huyu mdogo nani atakaa naye shambani? Namtaka dada yake. Yeye ananiambia haendi, ana ngoma shuleni."

"Ni kweli, mama. Anafanya vizuri sana."

"Ngoma ipi hiyo isiyokuwepo kwetu? Mimi nimepiga muheme kabla huyu hajazaliwa. Mama yangu alipiga, bibi yangu alipiga. Mnanichukulia mtoto mkamfundishe muheme? Na mwakani mtamfundisha kuchota maji?"

Nimewaona watoto wengi wakienda Makutupora kwa msimu mmoja. Msimu unakwisha, mtoto harudi, jina linabaki kwenye orodha ya mahudhurio mpaka mtu anapoona aibu kuliita. Nilijua huyu naye akipanda gari la wachumaji nimempoteza.

"Tunamfundisha kinanda, mama," nikasema.

"Kinanda kipi?"

"Kipo shuleni." Na kilikuwepo, Mungu shahidi, juu ya kabati.

Akasema, "Sawa. Nasikia mna mgeni Ijumaa. Nitakuja. Nikimwona mwanangu anapiga kitu nisichokijua mimi, abaki, huyu mdogo nitachuma naye mgongoni. Nisipomwona, Jumatatu tunapanda gari la Makutupora, na wewe mwalimu usinifuate."

Ni kweli tulikuwa na mgeni. Tangu serikali ihamie Dodoma, wageni rasmi wamekuwa wengi kuliko mvua. Huyu alikuwa anakuja kukagua maendeleo ya muziki, na shule ilisimamisha masomo yote, ukiwemo muziki, ili kujiandaa. Watoto walipaka mawe chokaa. Walichota maji wakanyunyiza uwanja mzima kuua vumbi. Nikamfuata mwalimu mkuu nikamweleza habari za yule msichana na mama yake, nikaomba binti apige kinanda mbele ya mgeni.

"Atapiga, atapiga," akasema.

"Basi nipe leo akifanyie mazoezi, mkuu. Hajawahi kukigusa."

"Leo? Kikichafuka je? Mwalimu, tuwe na subira, kitoke siku yenyewe kikiwa kinang'aa."

Ijumaa kilitoka. Kilikuwa kinang'aa kweli, sema hukukiona, kwa sababu kililazwa mbele ya meza kuu kama kimeza, mahali pa heshima, kikafunikwa kitambaa kile cha kufuma, na juu ya kitambaa wakapanga chupa za maji na chombo cha maua ya plastiki. Kilikuwa na urefu sawasawa wa kukaa mbele ya viti vitatu. Mtu wa maandalizi alikisifu akasema meza imependeza.

Mgeni tuliambiwa atafika saa tatu. Wasichana wangu walijua kazi yao, waliwasha moto nyuma ya jiko mapema wakapasha ngoma, maana ngozi isipopata joto inalegea na muheme unakuwa mzigo. Ngoma zikawa kali, ukizigusa kwa kucha zinajibu. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita, treni ya umeme ikapita nayo ikitupigia honi, na watoto wanapunga mikono kwa yeyote aliyekuwamo. Saa sita kasoro ngoma zikiwa zimekaa kwenye uwanja uliolowa maji, zililegea. Wasichana walikwenda kuwasha moto tena. Bwana mmoja wa itifaki mwenye miwani nyeusi akauzima kwa ndoo nzima ya maji, kwa sababu upepo ulikuwa unapeleka moshi upande wa meza kuu. Nilimweleza. Akaniambia, "Dada, ngoma ni ngoma." Kama ningekuwa na mchi mkononi siku ile, sijui.

Hivyo mgeni alipofika hatimaye, akashuka, akaketi, wasichana walipiga muheme wa magunia. Sauti ilikuwa ya mtu anayekung'uta godoro. Mgeni alitikisa kichwa kwa furaha. Mshereheshaji akapaza sauti kwenye spika, "Mambo hayo!" Mimi nilimtafuta mama yule kwa macho nikamwona chini ya paa la darasa, mtoto mgongoni, uso umefungwa kabisa. Yeye peke yake pale uwanjani alikuwa anasikia kilichokuwa kinatokea. Binti yake alikuwa anapiga kwa nguvu zote, jasho linamtiririka, na ngoma haimjibu, na nikaona lile shauri la Makutupora limekwisha kuamuliwa.

Kwetu sote huku, wa Kondoa na wa Zuzu, ngoma ikikugusa unaingia kati kutuza. Mwanamke akiingia kutuza kwa vigelegele hakuna wa kumzuia, awe mtu wa itifaki, awe nani. Mama yule alipiga kigelegele kimoja kirefu akaingia. Sikuelewa anatuza nini. Alimpita binti yake huku akiyumbisha mabega, akawapita wasichana wote, akaendelea kucheza moja kwa moja mpaka meza kuu. Mgeni akarekebisha tai. Alidhani yeye ndiye anayetuzwa, na kusema kweli amezoea.

Mama akachukua chombo cha maua akampa mgeni ashike. Akachukua chupa za maji, moja moja, akampa mwalimu mkuu. Kisha akakunjua kitambaa.

"Mwalimu!" akaniita, uwanja mzima unasikia. "Ndicho hiki?"

"Ndicho, mama."

"Mwite mpigaji."

Nilimsogelea mwalimu mkuu, amekumbatia chupa kama mtu anayehama nyumba, nikamnong'oneza, "Waya wake uko wapi?" Akasema uko ofisini. Na ufunguo wa ofisi? Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa makamu wake, na makamu wake alikuwa mjini, amefuata keki.

Binti akaja. Alifuta mikono kwenye sketi, pande zote mbili, akapiga magoti mbele ya kile kitu ambacho alikuwa anakipiga kwa mwaka mzima bila kukiona. Alivipima vibonye kwa macho. Akaweka vidole, akabonyeza.

Kimya. Nilifumba macho. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa kuwa ilikuwa imemwagiwa maji haikupasuka.

Halafu nikasikia do.

Ilikuwa inatoka mdomoni mwake, safi, pale pale inapokaa. Kidole kikahamia mi, mdomo ukaenda mi. Hakushtuka hata kidogo kwamba chombo hakilii, na kwa nini ashtuke? Tangu lini kinanda kikalia chenyewe? Sheria ni kidole kikigusa mdomo uitike, na darasa la sita, ambao walikuwa wamesimama nyuma ya meza kuu kama pambo, walipoona kidole cha mwenzao kimegusa so, wakaitika so kama siku zote. Wakaingia kwenye mbuzi. Wote. Mbuzi akala karatasi ya hesabu, akala ya Kiingereza, akalamba ya sayansi. Wale wa ngoma wakazigonga zile ngoma zilizolegea taratibu kwa chini, na safari hii ulegevu ukafaa. Vidole vya yule mtoto havikukosea mahali. Hata pale pagumu, ambapo mimi mwenyewe mwenye cheti hukosea, alipita.

Mgeni alikuwa ameinamisha kichwa, maua kifuani, anasikiliza. Akamwegemea mwalimu mkuu, nikamsikia kwa masikio yangu haya akimwambia, "Hivi vya siku hizi ni hatari. Wameweka mpaka sauti za watoto."

"Teknolojia, mheshimiwa," mwalimu mkuu akajibu.

Makofi yalipigwa. Mgeni akasimama, akasema amefarijika kuona chombo kinatumika ipasavyo, si kama shule nyingine alizopita ambako vinakaa makabatini. Akatuahidi kingine. Mwalimu mkuu alipiga makofi mpaka chupa zikamponyoka.

Wakati huo mama alikuwa bado amesimama pale mbele ya kinanda. Alinyoosha kidole akabonyeza kibonye kimoja, polepole. Akabonyeza kingine. Nikasogea karibu naye.

"Hakilii," akasema kwa sauti ya chini.

"Hakilii, mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua hakina waya."

Alimtazama binti yake, ambaye wenzake walikuwa wamemzunguka wanamvuta shati. Akakaza upya kanga iliyombeba yule mdogo.

"Kupiga ngoma iliyokufa nimemwona leo, hilo hata mimi ningelilia," akasema. "Lakini hiki mimi siwezi kumfundisha. Jumatatu aje shule."

Akaondoka hivyo hivyo, hakungoja chakula wala keki. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko, kwenye majivu yaliyolowa, nikalia. Nililia kwa furaha, na nililia kwa hasira, na vyote vilitoka kwa mkupuo mmoja hata nisingeweza kukuambia lipi ni lipi.

Jioni kinanda kilifutwa vumbi kikarudishwa juu ya kabati. Kitambaa kilifuliwa kwanza. Mwalimu mkuu ameshapima nafasi ya kile kingine kitakachokuja, anasema vitakaa pamoja vizuri tukisogeza kombe la mpira wa miguu.

Alhamisi nilifika darasani na chaki zangu. Msichana alikuwa ameshaunganisha madawati. Nilichora, yeye akawa anapaka mkaa vile vyeusi, kimya, na mimi nikijua ana jambo. Alipomaliza alifuta vidole kwenye sketi.

"Mwalimu," akasema, "kumbe na cha kwao wakubwa hakilii."

"Kinalia," nikamwambia. "Kinalia vizuri sana. Ni waya tu. Siku wakikiwasha utakisikia."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima anayeamini mambo. "Ndiyo, mwalimu," akajibu kwa heshima zote. Kisha akaweka kidole kwenye chaki, akaimba do.